Injinia Ambaye Hakuzaliwa

3 Februari

Mama Zamu,

Shikamoo. Mimi ni binti wa Fundi, yule wa karakana ya hospitali uliyekuwa ukimtania kwamba ana grisi hadi kwenye kope. Mara ya mwisho kuniona nilikuwa na miaka mitano, na Mama anasema nilijificha chini ya meza mpaka ulipoondoka. Sasa nina kumi na sita na bado ningejificha, ndiyo maana naandika barua. Anwani yako nimeipata nyuma ya kadi uliyomtumia Baba ulipostaafu.

Baba anaumwa. Ana uvimbe tumboni. Zamani madaktari walikuwa wakisema "akipona". Siku hizi wanasema "akipata nafuu".

Shuleni tulikuwa na maonyesho ya wavumbuzi Weusi. Kila mwanafunzi alete mmoja, na picha na maelezo yake. Wenzangu walileta watu wa mbali, waliokufa zamani: aliyeboresha uzi wa ndani ya taa ya umeme, aliyebuni ishara ya kuongoza magari yenye hatua tatu. Mimi nilimleta Baba. Nilichora kengele ya dripu, ile iliyo juu ya kila kitanda hospitalini, na nikaeleza inavyofanya kazi: chupa inaning'inia kwenye ndoano, ndoano inavuta springi, maji yakipungua springi inapanda, na yakikaribia kwisha kinyundo kinaachiliwa na kengele inalia kabla mgonjwa hajadhurika. Haihitaji umeme wala betri. Chini yake nikaandika jina la Baba.

Darasa lilicheka. Mmoja akasema, "Baba yako kazi yake kukaza bolti. Kengele ina kibati, kimeandikwa jina la injinia wa Kizungu na mji wake. Au baba yako amebadilika rangi?" Mwalimu wa historia hana ubaya. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Kumpenda mzazi ni vizuri, binti yangu, lakini maonyesho yanataka ushahidi." Akaubandua mchoro wangu polepole asichane pembe. Afadhali angeuchana.

Na sasa kuna hili. Tarehe 20 Machi hospitali inafungua wodi mpya ya watoto, na itapewa jina la yule injinia wa kwenye kibati, kwa kumshukuru. Tangazo liko getini. Baba amelisoma. Nilimwuliza, "Si wewe uliyeitengeneza? Mimi nilikuwa nakushikia bisibisi!" Akanijibu, "Ulikuwa mtoto. Watoto huona mengi." Kisha akaomba ageuziwe mto.

Wewe ndiye uliyekuwa mkuu wa wodi ya watoto. Niandikie mistari miwili tu, kwamba ulimwona akiitengeneza. Nataka jina lake lisomwe pale getini akiwa bado na masikio ya kulisikia. Sitaki kingine.

Mwanao,
Katibu (ndivyo Baba anavyoniita, kwa sababu naandika kila kitu)


12 Februari

Katibu mwanangu,

Marahaba. Eti sikukumbuki! Nimsahau mtoto aliyekula chaki ya ubao wa wodi akanitapikia meupe mapajani? Umefanya vizuri kuandika. Simu humtaka mtu ajibu kabla hajafikiri.

Habari za baba yako zimenikalisha chini. Sasa nisikilize, na umsomee na mama yako. Ageuzwe ubavu kila baada ya saa mbili, msingoje aombe, maana hataomba, namjua. Mgongo na visigino vipakwe mafuta. Midomo ilowanishwe kwa kitambaa safi. Akikataa kula msimsimamie na kijiko kama askari, mwekeeni kidogo karibu, muondoke, atakula akiona hamumtazami. Shuka isiwe na mkunjo hata mmoja chini yake.

Kuhusu lile jambo jingine, miaka imekuwa mingi na kichwa changu sasa ni chujio. Baba yako alikuwa fundi hodari na mikono yake ilipita kwenye kila chombo cha hospitali ile. Vifaa navyo vilikuwa vikija kutoka kila upande. Ninachokumbuka ni ile ya kwanza tu, ilikuwa na kengele ya baiskeli, na kila ikilia watoto wote waliinua vichwa wakidhani baba zao wamefika. Zaidi ya hapo sina. Usihangaike na majina ya kwenye mageti, mwanangu. Shika vitabu vyako.

Nisalimie mgonjwa.

Mama Zamu


19 Februari

Mama Zamu,

Shikamoo. Tunamgeuza kila saa mbili. Visigino vyake ni laini kuliko vyangu.

Lakini umesema kengele ya baiskeli. Nimezitazama kengele zote ninazoweza kuzifikia, za wodi ya wanaume, ya wanawake na ya wazazi. Hakuna hata moja yenye kengele ya baiskeli. Zote zina kikombe cha bati. Ile ya baiskeli mimi naikumbuka, ilitoka kwenye baiskeli yetu, na Mama alilalamika mwezi mzima. Kwa hiyo uliiona ya kwanza kabisa, na ya kwanza kabisa haikutoka kwa mtu yeyote wa ng'ambo.

Kuna na jingine. Nimekaa maktaba Jumamosi mbili. Ule mji ulioandikwa kwenye kibati haupo. Haupo kwenye atlasi ya shule wala kwenye ile kubwa ya maktaba inayobebwa na watu wawili. Mkutubi alitafuta nami mpaka miwani ikamteleza, akasema, "Labda umehama." Jina la injinia nalo halipo kwenye kitabu chochote.

Baba amelazwa tangu Jumatatu. Kitanda cha dirishani. Kengele iko juu yake, na kibati kimemwelekea usoni. Nesi kijana alipokuwa akitundika chupa alitaka kunitia moyo, akasema, "Usiogope mdogo wangu, hii ya Wazungu haikosei." Baba alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilitoka nje nikalilia kwenye bomba la kunawia, nikafungua maji yaende kwa nguvu ili watu wasinisikie.

Mama Zamu, naomba usiniambie tena habari ya chujio. Huyu injinia ni nani?

Katibu


28 Februari

Katibu,

Barua hii nimeiandika mara nne. Tatu nimewashia jiko.

Ni baba yako. Skrubu kwa skrubu, ni baba yako.

Mwaka ule kulikuwa na kuhara kwingi. Nilikuwa peke yangu zamu ya mchana, na watoto arobaini na mmoja. Mtoto wa kitanda cha kumi na mbili, msichana wa miaka miwili, dripu yake ilikauka nikiwa upande wa pili nimemshikilia mwingine. Mshipa ukaziba. Nilipofika nikatafuta mwingine, mkononi, mguuni, kichwani. Sikuupata. Baba yako alikuwa amelala chini ya kitanda cha kumi na tatu akikaza gurudumu, akaona yote kutoka pale chini. Hakuniambia pole. Aliniuliza, "Chupa ikiwa karibu tupu inakuwa na uzito gani?" Nilitaka kumpiga na beseni.

Baada ya wiki tatu alikuja na kitu amekifunga kwenye gazeti.

Tuliijaribu wodini siku chache, kisha tukaipeleka kwenye kamati. Mganga mkuu wa wakati huo hata hakuigusa. Alisema, "Fundi, hapa ni hospitali, si gereji. Tukitundika vyuma vyako juu ya wagonjwa, watu watatucheka." Alikuwa Mweusi kama mimi na wewe, na wote waliozunguka meza ile pia. Usidhani tulihitaji mgeni wa kutudharau. Kazi hiyo tuliimudu wenyewe.

Basi nilimwambia baba yako alete kibati na msumari wa kuchongea. Jina la kwanza la injinia nililitoa kwenye kopo la rangi. La pili nililikuta kwenye mashine kuukuu ya kufulia. Mji niliutunga, nikaupa herufi nyingi zinazogombana, maana niliona mji unaotamkika upesi hawatauheshimu. Baba yako aliipaka rangi ya kijivu, akaondoa kengele ya baiskeli, akaipakia kwenye boksi lenye maranda kana kwamba imevuka bahari. Nikaipeleka kamatini nikasema ni msaada.

Ilipita kabla chai haijapoa. Mganga mkuu yule yule aliinyanyua juu akasema, "Mnaona? Wenzetu wanafikiri." Baba yako alikuwa amesimama mlangoni, ameitwa aje kuifunga ukutani. Akasema, "Ndiyo, mzee," akaenda kuchukua ngazi.

Wakamwandikia injinia barua ya shukrani yenye mhuri, wakanipa mimi niitume. Ninayo hadi leo. Na niliijibu, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Wakasema mtu mkubwa haandiki maneno mengi.

Zikaagizwa nyingine, na kila "mzigo ulipofika" ulikuwa umetoka karakana ya nyuma, mita hamsini tu. Zaidi ya mia moja alitengeneza. Tulicheka, Katibu. Siku zile ilikuwa inachekesha.

Ila hiyo karatasi unayoitaka siwezi kuiandika. Nilighushi, nikaidanganya kamati ya serikali mwaka baada ya mwaka. Nina miaka sitini na saba, naishi chumba cha uani kwa mwanangu, na mkewe ananivumilia tu. Wakija askari hapa sitakuwa na pa kurudi. Na baba yako aliniapisha. Alisema, "Zikilia inatosha."

Nisamehe. Barua hii ichome.

Mama Zamu


6 Machi

Mama Zamu,

Shikamoo. Sikuichoma. Nimeificha ndani ya kitabu cha fizikia, ambacho hakuna mtu nyumbani atakayekifungua.

Katika kuandaa maonyesho nilisoma habari za mtu mmoja Mweusi wa zamani, aliyetengeneza kofia ya kumkinga mtu na moshi wakati wa moto. Alipotaka kuiuza alimkodi Mzungu asimame mbele ya watu ajifanye ndiye aliyeibuni. Niliposoma hayo nilimwonea huruma, nikashukuru kwamba mambo hayo yamepita. Nilikuwa nasoma habari za Baba bila kujua. Ila yeye Mzungu wake hakupatikana hata wa kukodi, ikabidi atungwe.

Nilimwambia Baba najua yote.

"Mama Zamu amezeeka, mdomo umelegea," akasema.

"Kwa nini hukusema?"

"Si nilisema? Mara ya kwanza nilisema, wakanicheka. Mara ya pili nikanyamaza, zikatundikwa mia na kumi na nne. Wewe mwenye hesabu zako, niambie ipi ilizaa."

"Lakini Baba, wodi nzima inapewa jina la mtu ambaye hayupo!"

"Wodi ni matofali. Sikiliza, Katibu. Siku watakayojua imetoka kwenye karakana yangu, wataanza kuiona kasoro. Wataziteremsha. Mtoto mmoja akikaukiwa na dripu siku hiyo, hilo jina langu utaliweka wapi?"

Jibu lilinijia nikiwa njiani kurudi nyumbani, kama kawaida yangu. Yupo fundi mwingine mahali fulani, sasa hivi, amefunga kitu kwenye gazeti. Tukinyamaza ataambiwa arudi gereji, na labda yeye hatakuwa na Mama Zamu wa kumchongea kibati. Watoto wake watakaa darasani wacheke pamoja na wengine.

Daktari amemwita Mama pembeni. Amesema tuhesabu wiki, tusihesabu miezi. Mama alirudi akaanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimekunjwa.

Jumatatu nitakwenda kwa Mganga Mkuu. Mimi, ambaye mwalimu akiita jina langu naitika kwa kunyoosha kidole. Barua yako sitaionyesha, wewe usiwe na wasiwasi. Nitasema kwa mdomo wangu. Lakini kama ungeniandikia hata mstari mmoja, Mama Zamu, ningeingia mle ofisini na kitu mkononi.

Katibu


12 Machi

Mama Zamu,

Naituma hii kwa basi, posta itachelewa.

Nilikwenda. Nilisema nilichokariri: injinia hayupo, mji haupo, aliyetengeneza amelala kitanda cha dirishani. Mganga Mkuu hakunicheka. Heri angenicheka. Alimwita katibu wake, wakafungua majalada, wakakuta hakuna stakabadhi ya forodha wala hati ya meli, hakuna chochote ila jibu moja la barua lenye Kiingereza kibovu. Akasema, "Kwa hiyo tumetundika juu ya wagonjwa vifaa visivyojulikana vilikotoka." Nikasema vinajulikana, vimetoka kwa Baba. Akasema, "Una ushahidi?" Mikono ilikuwa mitupu.

Jana asubuhi walipita na ngazi. Wameziteremsha zote, Mama Zamu, katika kila wodi, mpaka zichunguzwe. Ziko kwenye makapu ya nguo chafu koridoni, zimerundikana. Zinapobebwa zinagongana na kulia.

Jioni dripu ya mtoto wa kitanda cha tisa ilikauka. Nesi alikuwa mmoja. Walimwahi, lakini wamemchoma sindano kila mahali na bado hawajui kama atapona. Mama yake amekaa sakafuni koridoni, karibu na makapu yale yale. Nilipita mbele yake.

Baba amegeukia ukuta. Niliposema, "Baba, ni mimi," alivuta shuka. Ile ya kwake nayo wameiteremsha, kwa hiyo Mama anakaa akitazama chupa, hapepesi macho, na nikimwambia apumzike anasema, "Nani ataangalia?" Hajui kwamba ni mimi niliyesababisha.

Nimefanya nini? Baba aliniambia kitakachotokea, neno kwa neno, na nilikwenda. Kama kuna kitu kinachoweza kufanywa kifanye, nakuomba, na kama hakuna niambie hivyo, nisiendelee kukimbilia getini kila basi likiingia.

Katibu


15 Machi

Kwa Mganga Mkuu wa Hospitali
(nakala kwa binti wa Fundi)

Mheshimiwa,

Mimi ni muuguzi mstaafu, niliyekuwa mkuu wa wodi ya watoto. Injinia ambaye jina lake liko kwenye kengele za dripu hakuzaliwa popote. Nilimtunga mimi. Kibati nilikichora mimi kwa mkono wangu, na barua ya injinia iliyo kwenye jalada lenu niliiandika mimi, kwenye meza ya dawa. Naambatanisha barua ya shukrani ambayo hospitali ilinipa nimpelekee. Ina mhuri wenu. Haikuwa na pa kwenda, ndiyo maana ninayo.

Kengele zilitengenezwa zote, kuanzia ya kwanza, na fundi wa karakana aliyelazwa sasa katika wodi yenu ya wanaume. Ya kwanza tuliileta kwa jina lake, mkaikataa bila kuigusa. Wewe ulikuwepo, Mheshimiwa. Ulikuwa daktari kijana, mwisho wa meza.

Miaka kumi na moja zimelia kwa wakati. Mpaka nastaafu sikuwahi kuandika kwenye daftari la zamu kwamba moja imekosea. Tangu Jumatatu hazijabadilika hata skrubu moja. Mmebadilisha mnayemdhania tu, na kwa ajili hiyo mmeziweka kwenye makapu ya nguo chafu. Zirudisheni leo. Uchunguzi ufanyeni zikiwa ukutani.

Kosa la kughushi ni langu, halimhusu mwingine. Napatikana kwa anwani iliyo kwenye bahasha. Sitakimbia, magoti yenyewe hayawezi.

Muuguzi mstaafu, wodi ya watoto


25 Machi

Mama Zamu,

Shikamoo. Nikuandikie kwa mpangilio, maana nikianza na mwisho sitaweza kuendelea.

Siku tatu baada ya wewe kuandika, Mganga Mkuu alikuja kitandani kwa Baba akiwa na barua yako mkononi. Nyuma yake alikuwa mtaalamu wa vifaa aliyeitwa kutoka nje, na boksi la zana na kengele moja. Mganga Mkuu akauliza, "Mzee, ni wewe?"

Baba alinitazama, akaitazama barua. Akasema, "Yule nesi amezeeka. Anachanganya mambo. Mimi kazi yangu kufunga tu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Alikuwa anakulinda wewe. Mganga Mkuu alishusha pumzi akaanza kuikunja barua.

Lakini yule mtaalamu alikuwa ameketi kitanda cha jirani, ameipakata kengele, ameishika ndoano kwa koleo anaivuta. Nikaona midomo ya Baba inacheza. Jamaa akavuta tena, akaweka na goti. Baba akafumba macho, akayafumbua. Kisha, kwa sauti ambayo hatukuisikia tangu Desemba:

"Wewe! Kijana! Unavuta nini hapo?"

"Naifungua, mzee."

"Unaiua! Hilo ni jino la kung'oa? Zungusha kushoto kwanza, nusu tu, springi ndogo ipumue, halafu ndoano itatoka yenyewe. Kushoto! Kwenu kushoto ni huko?"

Jamaa akazungusha kushoto, nusu. Ndoano ikatoka ikalala kiganjani mwake.

Mama, ambaye siku zote hizi hatukumwambia chochote, akasema, "Basi. Kajitaja mwenyewe."

Mganga Mkuu alikaa ukingoni mwa kitanda. "Kwa nini kushoto?"

Baba alijua kwamba amekamatika. Akasema, "Nesi mwenye haraka hushika kwa mkono wa kulia na kusokota kulia. Ningeiweka kulia wangeifungua bila kutaka, chupa imwangukie mtoto." Halafu akaendelea. Alieleza springi, kinyundo, kwa nini kikombe cha bati na si shaba. Mtaalamu aliandika mpaka karatasi zikamwishia, nikampa daftari langu. Baba alipochoka kabisa, Mganga Mkuu alimwambia, "Nilikuwepo siku ile. Ilipokataliwa nilikubali, na ilipopitishwa nilikubali."

"Nakukumbuka," Baba akasema. "Ulikuwa na tai fupi."

Zilirudishwa siku hiyo hiyo mchana. Mtoto wa kitanda cha tisa bado hajaruhusiwa, lakini juzi alimtupia nesi kijiko.

Walipoondoka Baba alinishika mkono. Akaniambia, "Umeniponza." Baadaye akaniomba nimsomee ile barua yako ndefu, ya kopo la rangi. Nilimsomea mara tatu. Mara ya tatu alinisimamisha uliposema zaidi ya mia moja. "Mia na kumi na nne. Mwambie aandike sawasawa."

Alifariki Jumapili asubuhi. Mama alikuwa amekwenda kuchota maji ya kumwosha. Mimi nilikuwepo. Nilidhani amelala, nikaendelea kusoma kitabu, kurasa mbili nzima. Kurasa hizo siwezi kuzisamehe.

Wodi haikufunguliwa tarehe 20. Kamati itakaa tarehe 2 Aprili kuhusu jina, na kuhusu wewe. Nesi kijana amenidokeza maneno yao. Baadhi wanasema jina lisiandikwe lolote, yaishe kimya kimya. Mmoja amesema kumheshimu mtu ambaye hakuzaliwa ni aibu, ila kukiri kwamba tulidanganywa na mtu wa karakana ni aibu kubwa zaidi. Hata sasa, Mama Zamu. Hata baada ya kushoto.

Watakuletea wito. Baba alijitahidi kukukinga mpaka mwisho, na mimi ndiye niliyekuweka wazi. Ukiamua kutokuja nitaelewa. Nilitaka asikie jina lake likisomwa. Hatasikia tena. Sijui sasa nalitaka kwa ajili ya nani, lakini bado nalitaka mpaka nashindwa kula.

Katibu


30 Machi

Katibu mwanangu,

Pole. Pole wewe, na pole nyingi kwa mama yako. Nimekaa na barua yako mapajani mpaka mkwe wangu akaja kuniuliza kama nami nimekufa.

Zile kurasa mbili ziache. Nimekaa na wengi wakiondoka. Wengi hungoja tuangalie pembeni, na kusikia karatasi ikifunguliwa na mtoto wako ni mahali pazuri pa kuondokea. Hilo nakuambia kama nesi, si kama mtu wa kukubembeleza.

Wito umefika, mhuri mkubwa kuliko maandishi. Mwanangu anasema nijifanye mgonjwa. Mkewe, huyo niliyekuambia ananivumilia tu, amenipigia pasi gauni, akanifungia chakula cha njiani, akaenda mwenyewe kunikatia tiketi. Kumbe naye nilikuwa sijamsoma.

Naogopa. Nikikuambia siogopi nitakuwa nadanganya, na nimeshadanganya vya kutosha. Sijui watanifanya nini, na sijui wataandika nini pale getini. Huenda wasiandike kitu.

Lakini kamati nazijua. Wataanza kwa kuniuliza jina langu, ili katibu wao aliandike. Nitawatajia la baba yako. Wakiniambia hawakuuliza hilo, nitalitaja tena, na mia na kumi na nne juu yake. Wataandika tu, maana kila linalosemwa mle lazima liandikwe. Nitalisema kwa sauti ya kuwafikia walioketi kwenye benchi la nje.

Basi linafika tarehe moja jioni. Kesho yake njoo uketi kwenye hilo benchi, kisha uniambie kama lilifika.

Mama Zamu